Shamba la Baba Mbele ya Mfereji wa Kaloleni

Enzi zetu, na nyinyi wenzangu mliooshwa kwenye karai nje ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, mnalijua hili, mtoto hakuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Kitaiva kikiiva. Mama yuko ndani anasonga ugali, sisi tuko nje tunacheza kati ya kukwepa mpira na bano ya gololi mpaka magoti yanakuwa meupe kwa vumbi, na harufu ya samaki wadogo, omena za jirani, imejaa kijia chote. Kaloleni yetu ilikuwa na holi kubwa, ilikuwa na ua wa kayaba wenye miiba ya kutoboa mpira, na ilikuwa na mfereji mmoja wa maji ya bomba kwa nyumba nyingi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia mfereji mmoja, wanakutazama kama unawasimulia habari za majini.

Mfereji wetu ulikuwa mbele ya mlango wa Mama Atieno. Ukisogea hapo na tope, unasikia sauti kutoka ndani: "Nani huyo anakanyaga maji yangu na viatu?" Hata kama huna viatu. Na wengi wetu hatukuwa navyo.

Sasa sikilizeni. Baba yangu alifanya kazi ya reli, lakini moyo wake ulibaki Bungoma. Huko alikuwa na shamba alilogawiwa na babu, na alikusudia akistaafu ajenge nyumba yake kando ya chemchemi iliyo mpakani. Hatukuwa na picha ya hilo shamba wala karatasi yake. Kwa hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla mtu hajaonja kitu, Baba alichukua fimbo akatupimia shamba hapo hapo uwanjani, kwenye ardhi ya kanjo.

Mfereji ndio ulikuwa chemchemi. "Kutoka chemchemi," anaanza, "hatua saba mpaka mkonge." Mkonge wenyewe ni nguzo ya kamba ya nguo. Kutoka hapo hatua tisa mpaka jiwe jeupe, yaani pembe ya ua wa kayaba. Kisha unashuka mpaka kwenye mkuyu, na mkuyu ni mlango wa Mama Atieno. "Hatua moja hapa ni hatua kumi kule," alituambia, "na ni hatua za mtu mzima, si za kuku."

Kila alama ilikuwa na hadithi yake, na hakuruka hata moja. Kwenye jiwe jeupe ndipo kukhu, nyanya yetu, alipomzaa Baba akiwa katikati ya kupalilia. Alipumzika kidogo, akamfunga mgongoni, akamaliza mstari. Kwenye mkonge, babu na jirani yake walikunywa pombe ya busaa kwa chungu kimoja siku waliyokubaliana mpaka, kisha wakakivunja na kuvifukia vigae hapo chini.

Mama Atieno alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Wafula, leo mimi ni mkuyu tena?"

"Leo na Jumapili ijayo, shemeji."

"Basi mkuyu umeishiwa chumvi." Na Baba alimpelekea chumvi.

Somo hilo lilikuwa la wavulana. Kaka zangu wawili, Wafula na Barasa, ndio waliosimamishwa mstari. Mimi Nekesa nilikuwa naosha sufuria pale mferejini. Kila Jumapili nimekaa katikati ya chemchemi, na hakuna aliyeniambia nisikilize wala nisisikilize. Kaka zangu macho yalikuwa upande wa holi, ambako wenzao walishaanza mpira wa makaratasi. Baba akiuliza, "Mmeshika?" wanaitikia "Tumeshika!" kabla hajafunga mdomo, na hao wametoweka.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi barua ilipofika. Jirani wa kule, Mzee Makokha, ameng'oa mkonge, amelima mpaka kwenye chemchemi, na anasema hapo ni pake tangu zamani. Sikuwahi kumwona Baba akiacha chakula, lakini siku ile aliacha. Hapo ndipo nyumba yake ya uzee ilikuwa isimame. Akipakosa, tungezeekea kwa kanjo, na nyumba ya kanjo si ya mtu.

Sote na Mama tulipanda gari la moshi, daraja la tatu, na mkebe wa chapati na mayai ya kuchemsha. Wavulana walienda kushuhudia. Mimi nilienda kumbeba mtoto wetu mdogo.

Wazee wa kijiji waliketi kwenye vigoda pale shambani. Desturi yao ilikuwa moja tu: mwenye shamba hajishuhudii. Alete mtoto aliyeonyeshwa mpaka, na yeye mwenyewe anyamaze. Wafula akasimama, kifua mbele.

"Linaanzia kwenye chemchemi," akasema, "halafu linapanda."

"Linapanda mpaka wapi?"

"Juu."

"Juu wapi, kijana?"

"Juu tu."

Mzee Makokha alicheka mpaka akakohoa. Barasa naye akaulizwa. Akatazama vidole vyake vya miguu, akasema yeye huwa ni golikipa. Baba akainamisha kichwa.

Nadhani ni kile kichwa kilichoinama kilichonisukuma. Nikasimama na mtoto wetu mgongoni, nikasema kwa nguvu, "Kutoka mfereji wa Mama Atieno, hatua saba mpaka kamba ya nguo!"

Wazee wakaangua kicheko. "Mama Atieno ni nani? Naye ana shamba hapa?" Mama akanivuta gauni niketi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesimama Bungoma na macho yangu yanaona Kaloleni. Sikuketi. Nikawaambia polepole: mfereji ni hii chemchemi. Hatua saba ni sabini, za mtu mzima. Kamba ya nguo ni ule mkonge uliong'olewa, na unauendea ukitazama jua linakochomoza. Na chini yake kuna vigae vya chungu walichonywea babu yangu na baba yake Mzee Makokha.

Makokha akaacha kucheka.

Mzee mmoja mrefu alihesabu hatua sabini, sisi sote nyuma yake. Jembe likaletwa. Pigo la nne likagonga kitu. Kigae kilitoka cheusi, bado kina alama ya moshi. Makokha mwenyewe alikiokota, akakipangusa kwa shati lake. "Chungu hiki ni cha mama," akasema, na hakubisha tena. Kesho yake alileta jogoo na miche ya mkonge, wakapanda pamoja na Baba.

Baba hakunisifu, haikuwa kawaida yake. Aliniambia tu, "Nekesa, Jumapili hii sufuria ataosha Wafula." Na akaosha! Kaloleni nzima ilitoka kutazama. Mama Atieno alijiletea kiti.

Nyumba ilijengwa pale kando ya chemchemi, na Baba akazeekea humo. Alipogawa shamba, alinikatia mimi kipande chenye maji. Watu walinung'unika, kwamba msichana anapewaje shamba, lakini kaka zangu hawakunung'unika.

Siku hizi nakaa Donholm kwa binti yangu, ghorofa ya tatu, udongo nauona nikichungulia dirishani. Wajukuu wananisalimia "Niaje, shosho," nami nawaambia mimi si shosho, mimi ni kukhu, na mkubwa haamkiwi kwa niaje. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanakutumia lokesheni kwenye simu. Simu ikizima, hawana kwao. Sisi tulipimiwa kwetu kwa miguu ya baba, tumbo likiwa tupu, ndiyo maana hatujasahau.

Juzi nilipita Kaloleni. Mfereji ulishaondolewa. Penye kamba ya nguo pana vibanda vya mabati, na Mama Atieno alishazikwa kwao zamani. Nilisimama pale nilipozaliwa nikakosa pa kuelekea. Lakini sikusikitika sana, kwa sababu najua vilikokwenda.

Desemba iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu Naliaka shambani. Nikamsimamisha mbele ya mkuyu.

"Hapa ndipo kwa Mama Atieno," nikamwambia.

"Kukhu, si huu ni mti?"

"Ni mlango. Piga hodi."

Alinitazama kama mtu anayefikiria kumpigia mama yake simu. Kisha akaitia simu mfukoni, akagonga gome mara tatu. Nami nikamjibu kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Nani huyo anakanyaga maji yangu na viatu?"

Naliaka akatazama chini. Kweli, alikuwa amesimama ndani ya maji ya chemchemi. Akavua viatu, tukaanza kuhesabu.