Waya wa Kahawia

Baba yangu alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha majani chai huko Nyamira. Alipostaafu hakujua aifanyie nini mikono yake. Migomba ilikuwa ya mama, na chai ilichumwa na vibarua. Ndipo akaanza kutengeneza nguzo ya moto: bomba la chuma lililosimama uani, lenye mtungi wa gesi nyuma yake. Ukibonyeza rimoti ukiwa barazani, moto unachomoza juu, ukiachia, unazimika. Haikuwa na kazi yoyote. Alitaka tu kuiona.

Kiharusi kilimpata akiwa amekwisha kufukia nyaya za kutoka kwenye betri hadi kwenye bomba. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yalirudi polepole, lakini mengine yalirudi mahali pasipo pake.

Mimi nafundisha fizikia Kenyenya. Jumamosi kwetu ni Sabato, kwa hiyo nilikuwa nikija Jumapili kummalizia kazi. Yeye alikaa kwenye kiti akiniongoza.

Nyaya zilianzia kwenye betri zikiwa nyekundu na nyeusi, zikatokea upande wa bomba zikiwa za buluu na kahawia. Zilimwishia njiani, akaziunga na nyingine kabla ya kufukia. Yeye pekee ndiye aliyejua ipi ni ipi.

"Tata, waya wa chanya ni upi?" nilimuuliza baba.

Akaziangalia. "Buluu."

"Una uhakika?"

"Niliziunga mwenyewe."

Tester ya umeme ilikuwa mfukoni mwangu. Kupima kungechukua dakika moja tu, lakini kupima mbele yake niliona ni kama kumwambia simwamini. Nikafunga waya wa buluu kwenye chanya ya kipokezi, kile kidude kinachopokea amri ya rimoti, kisha nikaunganisha betri.

Harufu ya plastiki kuungua ilimfikia yeye kabla sijaona moshi. Nikakimbia kuchomoa betri. Niliporudi, alikuwa ameinama, ameushika waya wa buluu kwa mkono wa kushoto.

"Huu unaitwaje?"

"Buluu."

Akaushika mwingine. "Na huu?"

"Kahawia."

Akauachia. "Huo ndio niliotaka kusema."

Nikamwambia huenda kipokezi kilikuwa kibovu tangu dukani.

"Usinifiche, mwanangu. Kuanzia leo usinisikilize mimi. Sikiliza tester."

Jumapili iliyofuata nilikuja na kipokezi kingine kutoka Kisii mjini. Nilipima kila waya. Kiwashio nikakiwekea swichi yake na vali ya gesi swichi yake, ili cheche itangulie na gesi ifuate. Katikati ya kazi nilimuuliza mambo niliyoyajua vizuri, ili abaki kuwa fundi. Mara mbili alijibu neno moja: "Pima." Mara ya tatu aligeuza uso akatazama migomba. Alikuwa ameshaitambua hila yangu.

Alasiri nilimwita mama atoke jikoni asimame mbali na bomba, nikamtilia baba rimoti mkononi. Akabonyeza. Moto ukapanda kwa mvumo, chini buluu, juu manjano. Aliushikilia muda mrefu, uso wake haukubadilika. Akaachia.

"Umefanya vizuri," akasema, kwa sauti ileile niliyowahi kumsikia akiitumia kwa wanagenzi wa kiwandani walipomaliza mafunzo na kuaga. Nilitamani anikosoe hata kwa skrubu moja. Akaniomba nimsaidie kuingia ndani.

Hakuiulizia tena nguzo ile. Kila nilipompigia mama simu aliniambia baba amekaa tu chumbani, anasikiliza redio. Alifariki shule zilipofunga, nikiwa nimefika nyumbani siku mbili tu.

Siku ya mazishi mjomba mmoja aliuliza lile bomba uani ni la nini.

"Ni kitu alichotengeneza binti yetu," mama akamjibu.

Nilikuwa karibu, nimebeba sinia la vikombe. Nilitaka kusema si mimi, lakini wageni walikuwa wakingoja chai.