Trekta Lililopigiwa Mluzi

Haya nimeyapata kwa Benedikta, mke wa Joakimu wa Maretadu, Jumapili iliyopita tukichambua maharage nyumbani kwake. Joakimu alikuwa kando yetu, akimkosoa mkewe kila alipozidisha chumvi.

Siku yenyewe, saa kumi na mbili asubuhi. Joakimu yuko zizini, anawapapasa maksai wake wanne shingoni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeaga. Leo huenda wakaondoka.

Tangu ujana wake Joakimu alikuwa mwendesha maksai kwenye shamba la ngano la mzungu, upande wa Karatu. Mwaka huu wa 1957 amestaafu, akarudi na kiinua mgongo chake na neno moja mdomoni: trekta.

Bashiri, mfanyabiashara wa Dongobesh, anayo mawili yaliyokwisha kutumika, kubwa la bluu na dogo la kijivu. Kwa lile kubwa anataka kiinua mgongo chote, na maksai wote wanne juu yake.

"Nilimwambia, Baba Alfredi, mvua hiyo iko mlimani, usimwage maji ya mtungini," anasema Benedikta. "Ukikosea kuchagua, maksai hawapo na trekta halilimi. Tutalima kwa kucha?"

Joakimu alilitaka kubwa. "Mtu mzima hapandi kitu kidogo," anajitetea mpaka leo.

Huku kwetu ng'ombe hanunuliwi kwa kutazamwa mnadani tu. Unataka umwone akikanyaga ardhi yako. Basi Benedikta akashikilia kwamba matrekta nayo yaje yajaribiwe mteremkoni kwao. Bashiri alicheka sana, lakini akaja na dogo, na dereva wake Hasani akaja na kubwa.

"Shikamoo mzee," alisema Hasani. "Nimekuletea ng'ombe asiyekula majani."

"Marahaba. Na samadi je, anatoa?"

Hasani akamwonyesha usukani, klachi na breki, kisha akamwachia. Mstari wa kwanza ulinyooka vizuri. Lakini mwisho wa shamba Joakimu akafanya alichofanya maisha yake yote. Akapiga mluzi wa kusimamisha maksai.

Trekta likaendelea.

"Akapiga mwingine, mkali zaidi," anasema Benedikta, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hasani anapiga kelele, breki mzee, breki! Yeye anapiga mluzi!"

Likavuka ukingo, likaingia bustani ya maboga ya Benedikta kule bondeni penye chemchemi, likazama kwenye tope mpaka tumboni. Joakimu alishuka mzima, amechafuka hadi kofia. Kule juu, maksai waliokuwa malishoni walikuwa wamesimama tuli, wote wanne, masikio yamesimama.

"Wale walisikia," anasema Joakimu.

Hasani akawasha tena na tena, magurudumu yakazidi kuchimba. Ndipo Joakimu akawafunga nira maksai wake, akapiga mluzi mwingine, wa kuvuta. Wakainama, wakavuta, na lile dude la bluu likatoka na maboga yamening'inia kwenye plau.

Bashiri akajifuta tope usoni. "Mama Alfredi, hawa ndio niliotaka kuwachukua?"

"Ndio hao, mwanangu. Rudi na kubwa lako. Tuachie dogo, na jozi moja ya kulitoa topeni."

Bashiri akamtazama Joakimu. Joakimu akaitazama bustani, akasema, "Mwenye maboga amesema."

Dogo likajaribiwa jioni ile ile. Liligeuka pale pembamba ukingoni kama mbuzi juu ya jiwe. Joakimu bado alipiga mluzi, ila na mguu nao ulikuwa kwenye breki. Bashiri akaondoka na fedha zake na jozi moja ya maksai.

"Mvua ikishika nitalima kwangu, kisha kwa majirani mpaka Masieda," anasema Joakimu. "Pale mteremko unapozidi, maksai watamalizia."

Siku ile walikula maboga yaliyopondwa, kwa maziwa, wakashiba. Joakimu akatangulia kulala. Benedikta alikuwa bado macho aliposikia mluzi mwembamba gizani, na mara mguu wa mumewe ukamkandamiza muundi kwa nguvu.

"Nikasema, afadhali, breki ameikumbuka."

Akavuta blanketi, naye akalala.