Kibarua wa Bwawa la Akina Mama

Mimi ni wa Newala, kwa hiyo maji nayaheshimu. Kwetu kule juu, ndoo ilipandishwa kutoka bondeni kichwani mwa mtu, na mtoto aliyeimwaga alijua kitakachomkuta. Ndipo nikaolewa Lisekese, enzi za vijiji vya ujamaa, nikakuta wanawake wamechimba shimo zima, wamelijaza maji, halafu humo wanafuga perege! Nilicheka mpaka mama mkwe akanikemea. Nilipoonja yule perege kwa ugali wa muhogo, nikaacha kucheka, nikaomba jembe.

Bwawa lilikuwa la kikundi chetu cha akina mama. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa analimezea mate, alitaka apande mpunga pale. Eti wanawake hawawezi kufuga kitu kisichopiga kelele. Wivu tu! Maneno yakafika wilayani, na huko wakaamua kwamba Bwana Samaki, afisa wao wa uvuvi, atakuja kukagua. Akikuta samaki wazima, bwawa linabaki letu. Akikuta mizoga, linakwenda kwa mwenyekiti.

Alfajiri ya siku hiyo nikaenda na pumba. Perege wale walikuwa waoga, kivuli cha mtu tu kikipita wanazama, na chakula walikuwa wakikigombea pale mfereji wa kijito unapoingia bwawani. Leo wamejazana kona ya mbali kabisa na mfereji, midomo juu ya maji, wanapanua na kufumba, kama wazee waliosinzia mkutanoni. Pumba hawakuitazama. Nikamshika mmoja kwa mkono, naye akakubali kushikwa! Mama yangu wee, nikapiga yowe.

Kiongozi wetu, mama wa mapacha, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko Masasi mjini, akaja mbio, akachungulia.

"Utupa!" akasema.

Sisi tuliokulia upande wa Ruvuma utupa tunaujua. Majani yake yanatwangwa, yanamwagwa mtoni, samaki wanalewa, watu wanaokota. Na nani mwingine angetuwekea utupa kama si mtu wa mpunga?

"Tukayatafute majani yake huko juu," akasema, "nimsokomeze mwenyekiti mdomoni mgeni akiona."

Tukajifunga vibwebwe, tukapandisha kijito. Nilikuwa na matusi mazuri sana, nimeyapanga njia nzima.

Majani hatukuyaona. Tulikaribishwa na harufu, na harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyochacha haimpotei mtu wa kwetu. Nyuma ya kichaka tukakuta pipa, mitungi, na machicha ya mabibo yametupwa kijitoni lundo kwa lundo, maji yanatoa povu. Na mwenyekiti mwenyewe, tumbo wazi, anasuuza mtungi! Yule yule aliyetuhubiria kila mkutano kwamba pombe ya mabibo ni adui wa maendeleo.

Nikapiga goti kabisa. "Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Mara... marahaba."

Hapo ndipo nikaelewa. Samaki wa utupa hulala ubavu. Wetu walikuwa wima, wanahema. Machicha yalikuwa yanaoza na kuwamalizia hewa, ndiyo maana waliukimbia mfereji.

"Samaki wetu wanakata roho, ndugu," mama wa mapacha akamwambia. "Mgeni yuko njiani. Tumlete huku, au unakuja na sisi?"

Alikuja, tena mbio. Tukaziba mfereji kwa tope, yeye tukamtia bwawani na ndoo, achote maji ayamwage kutoka juu, yapate hewa. "Uhuru na kazi, ndugu!" tulimhimiza kila alipopumzika. Sisi tukaleta maji ya kisimani. Binti wa Newala namwagia samaki maji ya kunywa! Niliuma meno, nikamwaga. Wachache walikufa, tukawafunika kwa kanga. Jua lilipopanda sana, mmoja akaona kivuli changu, akazama. Nilitaka kumbusu.

Bwana Samaki akafika, akamkuta mwenyekiti ndani ya maji mpaka kiunoni, amelowa chapachapa. Akafurahi mno, mgeni wa watu.

"Huyu ndiye kiongozi!" akasema, akitoa kalamu. "Samaki wazima, na kiongozi anafanya kazi kwa mikono yake. Bwawa hili naandika akabidhiwe yeye."

Nikamwona mwenyekiti anaanza kutabasamu, mshenzi yule, na kisima kizima tumekimaliza.

Mama wa mapacha hakupandisha sauti hata kidogo. "Ahsante, baba. Ila kabla hujaandika, twende tukakuoneshe kijito kinakotoka. Kuna mambo ya mwenyekiti huko—"

"La akina mama!" mwenyekiti akabweka, akateleza, akaibuka na tope mdomoni. "Bwawa ni la akina mama! Mimi hapa kibarua wao tu!"

Bwana Samaki akaandika hivyo hivyo. Na mabibo yalipoendelea kuanguka msimu ule, kibarua wetu alifika kila asubuhi na ndoo yake, akatuamkia vizuri.