Reli Yetu ya Udongo, Jinja Hadi Mbale

Enzi zetu, sisi tuliolelewa kota za reli pale Jinja, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Ukitaka mpira, unafunga majani makavu ya migomba kwa kamba mpaka vidole viume, ndipo mcheze kwepena, mchezo wa kukwepa mpira. Ukitaka treni, unangoja watu wazima wamalize kopo la samaki, unaligombania, unakatwa na bati, unapakwa mafuta ya taa kwenye kidonda, unalambwa kofi kwa kutojiangalia, halafu treni unayo. Wajukuu wa leo ukiwasimulia haya wanakutazama kwa huruma, kana kwamba ulikulia jela.

Nayakumbuka zaidi mwaka huu kwa sababu mikono yangu imerudi kwenye udongo. Ninakaa Namakwekwe, Mbale. Hapa barazani nimelaza mlango wa zamani juu ya kreti za soda, na juu yake ninajenga reli: Jinja upande huu, Mbale upande ule. Majirani wakipita wanauliza, "Mama Rehema, leo tena unafinyanga nini?" Nawaambia napamba nyumba. Uongo mtupu. Rehema ni binti yangu, kitinda mimba. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na simu yake iliyokuwa ikilia kila Ijumaa baada ya swala ilinyamaza. Ijumaa ya kwanza nikasema mtandao. Ya pili nikasema labda ana kazi nyingi. Ya tatu nikaenda kuchota udongo. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni, na mikono yangu ikikosa kazi, moyo unakimbia wenyewe.

Basi ngoja nirudi Jinja. Baba alikuwa gadi, yaani yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake, ya kijani na nyekundu, na treni haing'oki mpaka yeye apunge. Mimi na kaka yangu Musa tulijiona watoto wa mfalme. Njia yake ilikuwa ile ile: Jinja, Iganga, Nagongera, Tororo, Mbale, kisha anageuza. Akirudi, kabla hajavua viatu, tumeshamkalia miguuni. Stesheni ya Iganga mlango unatazama wapi? Yule mama wa mihogo pale Nagongera anakaa kushoto au kulia? Ukikaribia Mbale, unaanza kuona mlima Wanale au paa la stesheni? Maskini Baba, amechoka, chai inapoa, na anajibu moja moja kama yuko mbele ya bosi wake. "Kushoto, ukitoka Jinja. Ukirudi ni kulia." Sisi haoo, nje mbio, kujenga.

Tulijenga nyuma ya jiko, pale ukuta ulipokinga upepo. Udongo mzuri ulitoka Wanyange kwa shangazi yetu, aliyekuwa akiuza mukene, dagaa wa ziwani, ufukweni. Aliuleta kwenye karai lile lile la dagaa, kwa hiyo reli nzima ilinuka samaki, na paka wote wa kota walihamia Iganga. Reli zenyewe zilikuwa njiti za mwavuli mbovu. Mataruma ya kuzilazia yalikuwa vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwaka, na ole wako utupe kijiti! Ziwa lilikuwa mfuniko wa sufuria wenye maji. Musa akashikilia kwamba lazima tuweke daraja la mto Nile, ingawa treni ya kwenda Mbale inalipa mgongo. "Jinja bila daraja si Jinja," akasema, na daraja likajengwa, wala treni haikulipita hata siku moja.

Jiwe la Tororo ndilo lililotupa taabu. Baba alisema ni kubwa, linasimama peke yake, linaonekana toka mbali. Tukaona hakuna jiwe la kufaa ila lile la Mama la kusagia karanga. Basi asubuhi Tororo ina jiwe lake, mchana Mama analihitaji, Tororo inabaki tambarare, na Mama anafoka kwa nini karanga zina mchanga. Akishamaliza, tunalirudisha polepole kama wezi.

Tatizo kubwa lilikuwa nafasi. Uwanja mdogo, safari ndefu. Tukakaa kama wakubwa wa reli tuamue kipi kibaki na kipi kiondoke. Musa alishika fimbo, akawa anapiga chini: "Hapa hakuna kitu. Toa. Hapa hakuna kitu. Toa." Kati ya Iganga na Nagongera kuna mafunjo marefu ya mto Mpologoma. Tulipomwuliza Baba kuhusu pale alisema, "Aa, pale ni mafunjo na maji tu." Basi tukapanyoa pote. Ikawa kopo letu likitoka Iganga, mkia haujaondoka vizuri, pua tayari iko Nagongera. Na saa tulizipima kwa jiko la Mama. Chai ikichemka, Baba yuko Iganga. Maharage yakiiva, yuko Tororo. Kusogeza kopo kabla ya wakati kulikuwa mwiko, maana tuliamini kabisa kwamba lisipokwenda sawa, na yeye haendi sawa.

Miaka ile haikuwa ya mchezo. Upande wa juu ya Mbale kulikuwa na bunduki, barabarani kulikuwa na vizuizi, na watu wazima walishusha sauti tukiingia chumbani. Sisi Wanubi, Kiswahili mdomoni tangu kuzaliwa, tulitazamwa kwa jicho la pembeni, kwa kuwa wengi walikijua Kiswahili kwa sauti ya askari tu. Mama alikuwa akimfungia Baba gurusa, mkate wetu wa Kinubi, na fundo akilikaza mara mbili. Kwenye reli yetu alikuwa akipita tu. "Nyie, jioni mtakula huo udongo?" Tulidhani haoni chochote.

Halafu msimu mmoja wa mvua Baba akaondoka na hakurudi.

Kopo letu lilifika Mbale kwa wakati, likageuza, likafika Tororo, na hapo tukaliacha tusikie honi ya kweli ndipo tulimalizie. Honi haikulia. Mama akafunika chakula cha Baba. Kulipokucha akakifunua, akakitazama, akawamwagia kuku. Akajitanda shela akaenda kituo cha polisi kilichokuwa jirani, nami nikamfuata nimeshika upindo wa nguo yake. Afande wa pale alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mpole. Akasimama kumsalimia. "Mama Musa, simu ya reli imekufa. Wewe rudi nyumbani, kaa na watoto. Mimi nikisikia kitu, nakuja kuambia wewe." Mama akasema asante, afande. Njia nzima ya kurudi hakunitazama.

Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, shela bado kichwani, akachuchumaa mbele ya reli yetu. "Yuko wapi?" akauliza.

Mimi na Musa tukatazamana. Musa akasema, "Tororo."

"Kwa nini Tororo?"

"Kuna polisi. Kuna hoteli ya chai. Kukiwa na shida, Baba atakaa hapo."

Mimi nikasema hapana, Iganga, kwa sababu Iganga ana binamu yake, atalala ndani ya nyumba. Mama akalichukua kopo kwa mkono wake, akaliweka Iganga. Akalitazama. Akalitoa, akalipeleka Nagongera. "Hapa yupo yule mama wa mihogo," akasema. "Hatalala njaa." Kumbe alijua kila kitu! Alimjua mama wa mihogo, alijua anakaa kushoto, alijua mlango wa Iganga unatazama wapi. Siku ile hatukwenda shule, na hakuna aliyetuuliza. Tulishinda pale watatu tunamhamisha Baba: mahali penye chai, mahali penye paa, mahali penye mtu anayetujua. Kila mtu alikuwa anamtafutia pa kuwa hai, na hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Mvua ilipoanza Mama akavua shela lake akalifunika kuanzia Nagongera hadi Tororo, nasi tukabaki chini ya upenu tunaangalia Mbale ikiyeyuka.

Baba alirudi kesho yake alasiri, kwa miguu kutoka stesheni, matope magotini, bendera kwapani. Mama hakulia. Alimshika mkono wa shati akawa hauachii, hata Baba alipotaka kunawa. Mimi nililia kwa niaba ya wote. Alikula, akashiba, nikamwuliza, "Baba, ulikuwa wapi?"

"Kwenye mafunjo. Maji yamekula udongo chini ya reli. Mbele hatuendi, nyuma haturudi. Tumekaa pale na mbu na vyura, basi."

Mama akageuka, akatutazama mimi na Musa. "Mafunjo yako wapi?"

Hayakuwepo. Tulimtafuta kila mahali tulipopajenga, naye yuko pale pale tulipopanyoa kwa sababu hapana kitu. Mama alishikwa na hasira ambayo hata tulipovunja birika la harusi yake hatukuiona. "Kesho mtayajenga! Yote! Hata reli ikiingia jikoni kwangu!" Na kweli iliingia. Tukavunja Nagongera, tukaisogeza, Tororo ikapita chini ya dirisha, Mbale ikakaa karibu na mafiga, na Mama mwenyewe akaenda kukata nyasi akazipanda moja moja kwenye udongo wa mukene. Tangu siku hiyo yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumkalia Baba miguuni na maswali. Baba akisema, "Aa, mama watoto, pale hakuna kitu," Mama anajibu, "Hicho hicho ndicho uniambie."

Vijana wa leo wana raha yao, sikatai. Jirani yangu ana kijana anayepanga chumba Malukhu, hapo tu. Wakipanga kukutana anamwuliza mwenzake, "Uko wapi?" Mwenzake anajibu, "Niko njiani," huku anaoga. Wana ramani kwenye simu, na kwenye ramani kuna kidoti kinachotembea, nao wanakitazama kidoti wakaridhika. Ukiwauliza pale kidoti kilipo kuna nini, kuna mti, kuna duka, kuna mtu wa kumpa maji, wanakuona mshamba. Rehema naye nilipomwuliza kabla hajaondoka huko aendako kukoje, alinicheka. "Mama, ni mji tu, kama Kampala, ila mkubwa." Waliompeleka nao walinitajia jina la mji, wakaishia hapo.

Kwa hiyo mlango wangu huu wa barazani una Jinja na daraja lake, una mafunjo yote, una Tororo na jiwe la kweli, una Wanale. Halafu baada ya Mbale nimeacha pengo. Pengo lenyewe ni kubwa kuliko miji yote, na sikulinyoa, ingawa Musa alipokuja kunitembelea alinishauri nilipunguze, mzee yule bado ana fimbo yake. Nilimwambia asiguse.

Ijumaa iliyopita simu ikalia. Nilikuwa na udongo mikononi, nikaishika hivyo hivyo. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mama, niko salama. Simu anaiweka mama mwenye nyumba. Nina dakika moja tu." Yako maswali mengi ambayo mama angeuliza, nami nilikuwa nayo yote, nimeyapanga tangu Ijumaa ya kwanza. Nikajisikia nauliza, "Dirisha lako linatazama wapi?"

Akacheka kidogo. Wallahi, alicheka. "Mama na maswali yako! Linatazama ukuta."

"Wa rangi gani?"

"Mweupe. Kuna bomba linavuja, njiwa wanakuja kunywa."

"Na nyuma ya ukuta?"

"Sijui, Mama. Sijawahi kutoka nje."

Ndipo simu ikakatika.

Nimeujenga ukuta huo kwenye lile pengo na kuupaka chokaa. Bomba nimeliweka, njiwa nimewafinyanga, na hawajanitoka vizuri. Baba yangu alirudi na matope magotini akatuambia mafunjo yakoje. Mimi nakaa hapa barazani, nangoja wangu arudi aniambie nyuma ya ule ukuta kuna nini.