Kiti cha Mume

Siku yangu ya kwanza kama mtaalamu wa maabara katika kliniki ya uzazi mjini Kitale, mkuu wa kliniki aliniita ofisini kwake. "Hapa tunapima akina mama," alisema. "Ukimwambia mzee atoe mbegu zipimwe, atakasirika na aende na mke wake. Umeelewa?" Nikajibu, "Sawa, daktari." Natamani ningekataa.

Kwa miaka mingi nilipima wanawake pekee. Niliwatoa damu ya kupima homoni, yaani kemikali za mwili zinazokomaza yai. Wengine walipigwa picha ya mirija ya uzazi, ile ya kumiminiwa dawa tumboni, wakatoka wameinama kwa maumivu. Waume walingoja nje wakisoma gazeti. Majibu yakiwa mazuri, mama aliambiwa arudi tena, na kila akirudi alihudumiwa na muuguzi mwingine.

Baadaye niliajiriwa Bungoma, chini ya muuguzi msimamizi tuliyemwita Sista. Kwake, kila mume na mke walipewa muuguzi wao mmoja na namba yake ya simu. Chumbani kulikuwa na viti viwili. Mume asipokalia chake, kazi haikuanza.

Nafula alikuja na mumewe Wekesa, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Chwele. Alinitambua mara moja. "Si wewe ndiye ulikuwa unanitoa damu Kitale? Kila mara ati niko sawa." Kisha akamweleza Sista kwamba mama mkwe ameshatafuta msichana wa kuolewa na Wekesa mavuno yakiisha.

"Mimi sina shida, bana," Wekesa alisema akiwa bado mlangoni. "Mpimeni huyu."

"Baba, ukinunua fahali pale Chwele unaangalia nini?" Sista akamuuliza.

"Naangalia yote."

"Yote?"

Nafula alicheka hadi akajifunika uso kwa leso. Wekesa akaketi.

Sampuli yake niliipima mwenyewe, kisha nikamwita aangalie kwenye hadubini. Aliinama akachungulia. "Hizi ni zangu? Mbona zimelala hivi?"

"Ni chache na hazina mwendo," nilimwambia. "Lakini inatibika."

Daktari alikuta mishipa iliyovimba kwenye korodani, akaifunga kwa upasuaji mdogo. Wekesa alienda nyumbani akamwambia mama yake, mbele ya ndugu zake, kwamba shida ilikuwa yake, si ya Nafula. Habari za msichana zikaishia hapo. Mimba ilipoingia, Nafula aliona damu kidogo akashtuka. Alipopiga simu hakuulizwa yeye ni nani. Muuguzi wake aliijua sauti yake, akamwambia aje, akamngoja mlangoni.

Alijifungua msichana. Wekesa alinijia maabara na jogoo kwapani. "Mzee, nimeambia soko yote. Jitayarishe." Kweli, wanaume wa Chwele walianza kuja kwa bodaboda, wakiuliza kwa kunong'ona ile mashine ya fahali iko wapi. Nilipostaafu, kile kiti cha pili, cha mume, hakikuwa kikipoa.

Sasa naishi mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, na mke wangu, Rhoda. Enzi za kliniki ya Kitale nilimpeleka kwenye vipimo vile vile vya maumivu, nami sikujipima, kwa kuwa nilikuwa nimekubali kwamba wanaume hawapimwi. Nilijipima baada ya kumpima Wekesa. Shida yangu ilikuwa kama yake, na ingetibika, lakini hedhi ya Rhoda ilikuwa imeshakoma. Hatukupata mtoto, na lawama za ukoo wangu alizibeba yeye peke yake, ujana wake wote.