Pima Ishirini na Mbili za Eduviges

Mama Eduviges Ttito anaapa kwamba siku wapimaji walipofika, alimwona jirani yake amepiga magoti mbele yao, anafagia barabara kwa kofia yake.

"Kwa kofia! Nimeona kwa macho yangu haya."

"Mama huyu ana macho ya kuku jioni," anajibu Teófilo Ccorahua, bila kucheka. "Nilifagia kwa poncho, joho langu hili la sufu."

Saa kumi na mbili asubuhi barafu bado imeshika nyasi za mlimani, na Teófilo, mwenye miaka sitini na tatu, anachokonoa jiwe kwa mtaimbo. Jiwe ni zuri, la mraba. Alilichonga mwenyewe mwezi wa Agosti. Sasa analing'oa.

"Kuliweka kulikuwa rahisi," anasema.

Kwa miaka ishirini na tisa yeye ndiye msimamizi wa barabara ya miguu inayopita hapa Sallapata. Kazi hiyo haina mshahara. Anaishi kwa viazi na kondoo kumi na watatu. Babu yake aliipita njia hii siku sita, akiswaga lama waliobeba chumvi, na babu wa babu yake vivyo hivyo. Kisha malori yakapata barabara yao kule bondeni, na huku juu nyasi zikaota.

Miaka minane iliyopita wakaanza kuja watembeaji wenye mabegi mgongoni, watu wanaotaka tu kwenda kwa miguu kijiji hadi kijiji. Ndipo Nélida, binti wa Teófilo, akarudi kutoka mjini alikokuwa akifua nguo za watu. Huwapikia watembeaji supu ya viazi vikavu na kuwapa pa kulala.

Mwaka huu ofisi ya mkoa ikaandika barua: wapimaji watakuja kukagua njia ya kale, ili ichorwe kwenye ramani na kupigwa alama za rangi.

Hapa mgeni hapokelewi juu ya sakafu kuukuu. Kila nyumba ina kipande chake cha barabara, cha kurithi, na mgeni mkubwa akija kila mtu hukifanya kipya. Basi nyumba arobaini zikatoka na mitaimbo. Mawe ya zamani, yaliyolainishwa na nyayo, yakang'olewa, yakaenda kujengea mazizi. Mapya yakapangwa kwa kamba, yakanyooka. Pombe ya mahindi ikanywewa siku mbili.

Mpimaji mmoja, msichana kutoka mji mkuu, aliinama akapapasa jiwe. Akauliza kwa upole, "Tayta, baba yangu, barabara yenyewe iko wapi?"

"Si hii, mama? Umeikanyaga."

Akaandika kwamba Sallapata hakuna njia ya kale. Alama zitapita ng'ambo ya bonde, na watembeaji hufuata alama.

"Mimi ndiye niliyetoa amri," anasema Teófilo. "Wenzangu walinisikiliza tu."

Nyumba ya arobaini na moja haikutoka siku ile. Ilikuwa ya Eduviges. Alisema goti linamuuma. Wakamtoza kondoo, wakamwita mvivu. Kipande chake, pima ishirini na mbili, kimebaki kama alivyokiacha marehemu mumewe.

"Leo mmejua kunipigia hodi!" anawapigia kelele wanaokwenda kukitazama. "Kanyageni polepole, nyie wachapa kazi. Na kondoo wangu mnirudishie na mimba yake."

Kondoo yule alishaliwa. Teófilo amemlipa wa kwake.

Kila asubuhi anapita mazizini kuomba mawe ya zamani, akikiri kosa lake kila mlango. Hakusudii kumdanganya mtu. "Nayarudisha kwa kuwa ni ya barabara," anasema. Amemwandikia mpimaji, akimwomba arudi aangalie kipande cha Eduviges tu. Wiki ya saba hii, hajajibiwa.

Mchana Nélida yuko jikoni, anamenya viazi. Mwenzake wa zamani amemtumia salamu kwamba pale pa kufulia kuna nafasi, awahi basi la Jumatatu. Baba yake ameketi kizingitini, mikono imejaa vumbi la mawe.

"Mwanangu, tumpe muda yule binti mpimaji mpaka mvua za kwanza. Ngoja pamoja nami."

Nélida anachukua kiazi kingine, anakigeuza pande zote, anaanza kukimenya.