Shimo la gofu alilochimba mume wangu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mu wazima huko? Mimi mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Leo hapa Mbuba tumecheza gofu. Ndiyo, gofu! Ile ya kusukuma kimpira kwa fimbo mpaka kiingie shimoni. Anayekosa anatoa elfu moja, ili mabinti zetu wa netiboli wapate nauli ya kwenda mashindanoni Biharamulo.

Kuchimba shimo alipewa mume wangu. Hakuna aliyemwambia ukubwa.

Jamani, alichimba la mgomba!

Basi kila anayesukuma, kimpira tumbukia. Hata Bibi Skolastika, kwa mkongojo wake, tumbukia! Watu wanashangilia, kapu la michango tupu, mabinti wameinamisha vichwa.

"Baba Devota, ulitaka kupanda ndizi?" Padri akamwuliza.

"Padri, mimi shimo ninalolijua ni hilo."

Padri alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatangaza: "Kuanzia sasa, anayeingiza ndiye anayetoa!"

Mnadhani watu walikosa makusudi? Thubutu! Nani akubali kuchekwa kwa kukosa shimo la mgomba? Walipanga foleni, wakaingiza, wakalipa huku wakitamba. Nauli ikatimia, Mungu apewe sifa.

Aliyekosa ni mmoja tu.

Mimi.

Kimpira kilizunguka ukingoni, kikaenda zake. Elfu yangu nimetoa hivyo hivyo, kwa aibu, na mume wangu bado ananicheka hapa jikoni.

Tafadhali nijibuni upesi, nipate cha kumwambia.